BARUA KUTOKA BUKOTO: Mgeni wa juu ya mawe

Wapenzi wasomaji, hamjambo huko Base Camp, Rubondo, Juru na kote mliko? Sisi hapa Bukoto tupo. Mvua za Aprili zimetunyeshea vya kutosha, mkaa umepanda bei, lakini tunaamka. Mwezi uliopita niliahidi kuwaandikia habari za karo za shule za hapa mjini. Naomba mnisamehe, hiyo itangoja. Mwezi huu nina habari ya ndege. Ndege mwenye mabawa na manyoya, si ile ndege tunayoingoja wengi wetu. Ingawa mtaona kwamba hata ile nyingine imeingia humu, sikuweza kuizuia.

Ilianza Novemba. Nyuma ya nyumba tunayopanga, upande wa kwenda Kisaasi, kulikuwa na shamba la ndizi la mzee mmoja. Mzee akauza. Likaja tingatinga, likang'oa migomba yote kwa siku mbili, wakamwaga malori ya mawe ya msingi wa ghorofa, halafu kazi ikasimama. Si mnajua mambo ya Kampala, pesa ikiisha jengo linalala. Pakabaki uwanja mtupu wa udongo mwekundu na rundo la mawe katikati. Mimi hufua nguo pale nyuma kila Jumamosi asubuhi, na Jumamosi moja nikamwona amesimama juu ya jiwe la juu kabisa.

Hakufanana na ndege wetu wa Bukoto. Hapa tuna kaloli, yale madege marefu yenye upara yanayosimama juu ya takataka kama wazee wa baraza. Tuna mwewe wanaomnyang'anya mtoto chapati mkononi. Tuna shomoro, hao hawahesabiki. Huyu alikuwa mdogo, mkubwa kidogo tu kuliko shomoro, lakini amesimama wima kama askari, miguu myeusi myembamba, anainama na kuinuka kama mtu anayesalimia. Akashuka chini, akakimbia hatua kama kumi, akasimama ghafla, akadonoa kitu, akarudi kwenye jiwe lake. Mgongo rangi ya mchanga, kifua kama chai ya maziwa. Nikasema basi, ni ndege tu. Lakini aliporuka nikaona kitu kingine. Pale mgongo unapokutana na mkia ni weupe mtupu, kama shuka mpya. Na mwisho wa mkia ni mweusi, weusi uliochorwa kama herufi T iliyopinduliwa kichwa chini.

Sisi tunakaa kwenye mizigo. Kwa wasiojua, huku mjini muzigo ni chumba kimoja cha kupanga, vinajengwa kwa mstari, choo mnashirikiana. Chumba cha tatu kwenye mstari wetu anakaa kijana Mganda anayeongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Msicheke, kazi hiyo ipo na inalipa. Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na kuna wazungu wanaopanda ndege kutoka Ulaya ili waje kutazama ndege. Nikamwita, ssebo, njoo uone. Akatoka na mswaki mdomoni. Alimtazama kidogo tu, akatema povu, akasema, "Huyo si Mganda."

Jioni akaniazima kitabu chake, kile cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kimechakaa mpaka jalada limeshonwa. Nikamkuta. Kwa Kiingereza anaitwa wheatear, na wataalamu wanamwandika Oenanthe oenanthe. Katika Kiswahili nimeona akiitwa mhozi, na hivyo ndivyo nitakavyomwita humu, ingawa kusema kweli sijamsikia mtu wa kwetu akilitamka neno hilo. Jina la Kiingereza ukilisoma utadhani ni habari ya ngano na sikio. Kumbe wala. Ni maneno ya zamani yaliyopindwa pindwa na watu, na maana yake ya kwanza ilikuwa makalio meupe. Mnisamehe akina mama, mimi sikumpa jina hilo.

Kwao ni nchi za mawe. Anazaa katika milima mikavu na nyanda zenye miamba za Ulaya na Asia, Greenland, kaskazini mashariki mwa Kanada, na Alaska, lile jimbo la Marekani lililo juu kabisa kaskazini. Hataki msitu, hataki majani marefu. Anataka mahali anapoweza kukimbia na kuona mbali. Kiota chake anakificha ndani ya ufa wa mwamba, au chini ya jiwe kubwa, au katika shimo lililoachwa na mnyama mdogo. Ndani yake mayai matano au sita, ya bluu hafifu. Dume anaimba haraka haraka, kama mtu anayesimulia habari na pumzi inamwishia, na katikati ya wimbo anaingiza sauti ya chak, chak, kama mtu anayegonganisha mawe mawili. Hiyo chak unaweza kuisikia hata huku kwetu. Mimi niliisikia pale nyuma nikidhani ni mtoto anachezea kokoto.

Chakula chake ni wadudu: sisimizi, mbawakavu, viwavi, nzige wadogo. Na hapo ndipo shida yake ilipo. Kule kaskazini wadudu wako wengi sana miezi michache ya kiangazi, wakati jua linakaa angani karibu usiku mzima. Baridi ikiingia hakuna tena kitu cha kudonoa. Kwa hiyo huhama, na wote huja Afrika. Hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Yule wa Uingereza anakuja Afrika, sawa, si mbali sana. Lakini na yule wa Greenland anakuja Afrika. Na yule wa Siberia. Na yule wa Alaska, ambaye angeweza kushuka tu moja kwa moja kwenda Amerika ya Kusini kama ndege wengine wa kule wanavyofanya, naye anageukia upande mwingine kabisa na kuja Afrika. Wataalamu wanaeleza kwamba mababu zake walianzia pande hizi za dunia, wakasogea polepole kufuata nchi iliyokuwa inafunguka kila barafu inaporudi nyuma, wakavuka mpaka Alaska. Makazi yalisogea, lakini mahali pa kukaa wakati wa baridi hapakubadilika.

Zamani hayo yalikuwa ya kukisia tu. Mwaka 2012 ndipo yalipothibitishwa, katika utafiti ulioongozwa na Mjerumani anayeitwa Franz Bairlein. Walikamata mhozi huko Alaska na Kanada wakati wa kuzaa, wakawafunga mgongoni kifaa chenye uzito wa gramu moja na kitu. Kifaa hicho hakitumi habari popote. Kinaandika tu mwanga: leo jua limechomoza saa ngapi, limetua saa ngapi. Ukijua hayo unaweza kukadiria ndege alikuwa wapi duniani siku ile. Tatizo ni kwamba lazima umkamate tena ndege yuleyule mwaka unaofuata ili ukisome. Wengi hawakuonekana tena. Wa Alaska waliopatikana na kusomwa ni watatu. Watatu hao walikuwa wamevuka bahari ya Bering, wakapita Siberia yote, Kazakhstan, jangwa la Arabuni, wakakaa miezi ya baridi katika Sudan, Uganda na Kenya. Kilomita kama 14,500 kuja, na nyingine kama hizo kurudi. Kuja walitumia kama miezi mitatu. Kurudi, chini ya miwili, kwa sababu anayewahi kufika ndiye anayepata mahali pazuri pa kuzalia.

Sasa pimeni. Kutoka Kampala mpaka Mbarara ni kama kilomita 270, na mnajua mtu anavyoshuka kwenye basi lile akiwa amechoka. Huyu anaenda safari hiyo zaidi ya mara hamsini, mfululizo, na uzito wake ni gramu 25. Vijiko viwili vya sukari, vile vya chakula.

Nilipolisikia neno Alaska nilikaa chini.

Wengi wenu mnamkumbuka dada yangu, binti wa mama mkubwa, aliyekuwa anashona nguo pale karibu na soko la Base Camp. Mwaka 2019 aliondoka na mumewe na watoto wawili, wakapelekwa Anchorage, Alaska. Mama mkubwa hakwenda nao. Dada alikuwa ameshaolewa, kwa hiyo alihesabiwa familia nyingine, na mama akabaki na faili lake la watu wawili: yeye na mjukuu wake, mtoto wa marehemu kaka yetu. Waliambiwa watafuata. Mwishoni mwa 2024 kweli wakaitwa. Wakapimwa afya, wakafundishwa jinsi ya kufunga mkanda wa ndege na jinsi ya kutumia jiko la umeme, wakapewa tarehe ya Februari 2025. Mama mkubwa akauza mbuzi wanne. Akagawa sufuria, godoro akampa jirani, kipande chake cha shamba akamwachia kijana mmoja alime. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari yake ikafutwa pamoja na za maelfu ya wengine. Baadhi yenu mlikuwa kwenye orodha ileile, sina haja ya kuwaeleza. Sufuria mbili alirudishiwa. Mbuzi, hapana.

Basi Desemba nilipopata siku chache nikapanda basi kuja kwenu. Nilikuwa na hamu ya kumweleza habari hii, lakini pia niliogopa. Kuna habari unazoweza kumpelekea mtu kama zawadi kumbe unampelekea kidonda. Njia nzima kutoka Mbarara nilikuwa najiuliza kama nimwambie au ninyamaze.

Sikupata nafasi ya kuamua. Nilimkuta yule mjukuu, ana miaka kumi na moja sasa, anateremka kile kilima cha mawe kinachopitwa na ng'ombe, nyuma ya Rubondo, ana manati shingoni na mfuko wa plastiki mkononi. "Shikamoo baba mdogo, nimepata watatu." Akanionyesha kwa furaha. Wawili siwajui, wa kahawia tu. Wa tatu nikamgeuza, nikamfungua mkia. T.

Sikumkaripia, na sitaki mtu asome barua hii akamkaripie mtoto wake. Tangu mgao upunguzwe, mtoto anayerudi nyumbani na nyama, hata iwe ndogo vipi, anarudi na kifua mbele. Na msidhani ni sisi tu. Karne ya 18 na ya 19 wachungaji wa kondoo kusini mwa Uingereza walikuwa wakitega ndege hawahawa kwa vitanzi vya singa za farasi walivyoficha kwenye vishimo vya majani, wanawakamata kwa mamia na kuwauza kwa matajiri wa London na wa miji ya pwani. Ilikuwa chakula cha heshima. Ila nilimwuliza kijana swali moja: huyu unadhani ana uzito gani? Akasema nusu kilo. Tukaenda naye dukani, muuza duka akacheka, akamweka kwenye mzani wa maharage. Mzani haukutikisika. Mtoto akainama akautazama ule mshale kwa karibu, akamtoa ndege, akamrudisha tena. Haukutikisika.

Njiani kurudi nikamweleza. Alinisikiliza mpaka nilipotaja Alaska, hapo akasimama. "Alaska kwa shangazi?" Nikamwambia ndiyo, lakini nisikilize vizuri, sisemi huyu ametoka huko. Mhozi wengi wanaokuja nchi zetu wanatoka Ulaya na Asia. Wa Alaska wamo ndani yao, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Akasema sawa. Lakini niliona hakunisikia, kwa sababu tulipofika nyumbani alitangulia kukimbia, na neno la kwanza nililosikia kutoka nje ni "Bibi, nimeua ndege ya kwa shangazi."

Mama mkubwa alikuwa anapepeta maharage. Aliniachia mkono wa kusalimia, akanikaribisha, akaniuliza habari za Bukoto, za afya, za kazi. Ninyi mnamjua, hana haraka. Ndege alikuwa pale juu ya ungo. Baadaye ndipo akasema, "Haya mwanangu, nieleze hiyo ya mtoto." Nikaeleza yote, na kile kifaa na jua linavyochomoza. Hakulia, kama nilivyoogopa. Aliuliza maswali, na yalikuwa maswali mazuri kuliko niliyomwuliza yule kijana wa chumba cha tatu.

"Anapitia wapi?" Nikamtajia.

"Na kwenye lile jangwa anakunywa nini?" Nikamwambia kwamba kabla ya sehemu ngumu anakula sana mpaka anavimba, mafuta yanajaa chini ya ngozi, na mafuta hayo yakitumika mwilini yanatoa nguvu na maji kidogo pia. Na anasafiri usiku, kuna baridi, mchana anashuka kupumzika na kula pale anapoweza.

"Usiku anaonaje njia?" Nyota, nikamwambia. Na dunia yenyewe ina nguvu kama ya sumaku, ndege hawa wanaihisi. Mtoto aliyezaliwa Juni kule anaanza safari Agosti, hajawahi kuiona Afrika, na upande wa kuelekea tayari umo ndani yake. Wengi wanafia njiani. Wengine wanafika.

"Wanakwenda wote pamoja, mama na watoto?"

Hapana, nikasema. Kila mmoja anaondoka peke yake, usiku wake. Hata huku hawakai pamoja, kila mmoja ana kiwanja chake na mwenzake akiingia anamfukuza.

Akapepeta kidogo. "Kumbe njo vile," akasema. "Kila mmoja na faili lake."

Ndege alichomwa pamoja na wale wawili. Mlitaka tufanyeje? Mtoto alikula, ila manyoya ya mkia aliyang'oa kwanza akayabana katikati ya daftari lake la hesabu. Nadhani bado yamo.

Nilirudi Bukoto kabla ya mwaka mpya nikidhani habari imeisha. Januari nikaanza kupata ujumbe wa sauti kwa simu ya mama mkubwa. Mtoto. "Baba mdogo, kuna mwingine. Kwenye kilima, jiwe lile lile." Kila siku mbili tatu ananiarifu: yupo, amefukuza mwenzake, amekula siafu. Siku moja sauti ni ya mama mkubwa mwenyewe, anapumua kwa kupanda kilima, anasema amemwona mweupe nyuma, ni kweli kama kitabu kinavyosema, na magoti yanamuuma. Ana miaka sitini na mitatu. Sijui kama alikuwa amepanda kilima hicho tangu 2019.

Kwa dada wakatuma pia. Nchi yao na yetu wakati wa baridi zinapishana saa kumi na mbili kamili, yaani huku ikiwa saa moja asubuhi, kule ni saa moja jioni ya jana yake, saa ya ukutani inasoma sawasawa. Mama mkubwa anapenda sana jambo hilo. Dada alijibu baada ya siku mbili maana anafanya kazi ya usafi usiku. Akasema hajawahi kumwona. "Miaka yote hii niko huku, ndege ninaowajua ni kunguru wakubwa na bata bukini." Mumewe akauliza kazini. Akaambiwa ndiyo, wapo, lakini si mjini. Wanakaa juu kwenye milima ya ndani, yenye mawe, ni safari ya masaa mengi kwa gari, na wanafika Mei. Dada akasema Juni watakuwa na siku mbili za mapumziko, labda. Mama mkubwa akasema hiyo labda aiandike kwenye kalenda.

Februari mtoto akatuma ujumbe wa wasiwasi kwamba ndege amebadilika, labda ni mwingine. Nikaenda kwa jirani yangu. Akasema hapana, dume anavaa nguo za nyumbani. Ni kweli, wakati wa kurudi ukikaribia manyoya ya dume yanabadilika: mgongo unakuwa wa kijivu kama majivu ya mkaa, na machoni anapata mstari mweusi kama kitambaa cha mwizi. Hapo anapendeza kweli. Jike anabaki na rangi zake za mchanga. Kwa hiyo sasa tukajua wetu ni dume.

Katikati ya Machi jiwe likawa tupu. Mtoto alipanda siku tatu mfululizo kuhakikisha. Huku Bukoto wangu alishaondoka mapema zaidi, sikuona siku yenyewe. Mwenye kiwanja alipata pesa, mafundi wakarudi, yale mawe sasa yako chini ya zege.

Kama na ninyi mnataka kumtafuta, mngojeni Oktoba. Anakaa mpaka Machi. Msimtafute kwenye migomba wala kwenye majani marefu, nendeni mahali pakavu ambapo ng'ombe wamekula nyasi zikawa fupi, penye mawe au vichuguu. Mtamkuta amesimama juu ya kitu. Ngojeni aruke, mtazame nyuma. Kuna ndugu yake mmoja anayefanana naye sana, naye ni mgeni kutoka Asia, ila weusi wa mkia wake ni mpana zaidi na weupe ni mdogo. Na enyi vijana wenye manati, gramu 25 ni pamoja na mifupa, mdomo na miguu. Nyama yenyewe haijazi kijiko. Mwenye weupe nyuma mwacheni apite, wale wengine mtasikilizana na mama zenu.

Mama mkubwa bado yuko Rubondo. Faili halijasogea mpaka naandika barua hii. Godoro amenunua jipya, na amemwambia yule kijana kwamba shamba lake atalilima mwenyewe msimu huu, jambo ambalo mwaka mzima alikataa kulifanya. Kila Jumapili tukimaliza salamu ananiuliza, "Leo amefika wapi?" Mimi nafungua ramani ya jirani yangu na kuhesabu siku tangu Machi. Wiki iliyopita nilimwambia labda yuko Kazakhstan. Akaniuliza kama huko kuna mawe. Nikasema yapo, mengi. Akasema basi sawa, atapata pa kusimama.

Mwenye kumwona kuanzia Oktoba aandike tarehe na mahali, akabidhi kwa wanaogawa jarida hili, watanifikishia. Mjukuu wa mama mkubwa ameshachora daftari la kuandikia, nusu ya kurasa ni za hesabu, mwalimu wake amekubali. Karo za shule ni mwezi ujao, safari hii sikosi. Wasalimieni wote.